Malkia Kwenye Mtumbwi wa Ndizi

Jumatatu, 8 Septemba 1986, Ihembe
Nimemaliza kuiandika upya hekaya ya Malkia wa Mvua! Katika simulizi la kale, mfalme anakanyaga ndizi za rubisi, pombe ya tambiko, ndani ya mtumbwi wa kukamulia, pombe inaharibika, malkia anabebeshwa lawama na kutupwa ziwani. Dhuluma tupu! Katika tamthilia yangu, malkia mwenyewe anaingia mtumbwini na kukanyaga, kazi ambayo huku haijapata kuguswa na unyayo wa mwanamke. Jumamosi tunaiigiza mashindanoni Kayanga. Washindi watakwenda Bukoba, na jina la kiongozi wao litasomwa redioni. Jina langu.

Jumatano, 10 Septemba
Mazoezi na kikundi cha akina mama. Nimewahutubia dakika arobaini juu ya ukombozi wao. Mwenyekiti wao, Bibi Adelgunda, akauliza kama malkia atasema lolote. Nikamfafanulia kwamba ukimya wake ndio hoja. Hoja hiyo itaelezwa na mfalme, kurasa saba. Mfalme ni mimi.

Alhamisi, 11 Septemba
Uasi! Dafroza, niliyemtunuku umalkia, amegoma kukanyaga. Eti tangu alfajiri amelima, amechota maji, amechuma kahawa, amepika. Ilibaki kazi moja tu ya wanaume, na sasa msomi amekuja kuwapokonya hata hiyo. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Bibi Adelgunda akaniita mwanangu, akataka kujua malkia anakombolewa ukurasa wa ngapi. Nikajibu kwa nadharia. Wakaenda kulisha mbuzi. Nimewashinda.

Jumamosi, 13 Septemba
Kayanga. Uwanja umefurika. Nikiwa ukurasa wa pili, Dafroza akaketi kwenye kiti changu cha enzi, akapaza sauti: "Pombe umeiharibu wewe, mume wangu, halafu nitupwe mimi? Vua viatu, uanze upya!"
Hayamo katika maandishi! Umati ukalipuka. Nikavua. Nimekanyaga ndizi robo saa nzima, nimeanguka mara mbili, akina mama wakiniimbia niongeze bidii. Waamuzi walipiga makofi wakiwa wamesimama. Tumeshinda! Kiongozi aliyeandikishwa kwenda Bukoba: Adelgunda. Mimi nimeandikwa mkanyaga ndizi.

Jumapili, 14 Septemba
Nimetafakari ibada nzima. Ni dhahiri kwamba mafunzo yangu yamewaingia barabara. Kasoro ni moja: wamefanya mapinduzi bila kuyaelewa. Kesho nitawakusanya niwaeleze walichokifanya. Nitaomba wasinikatize.