Mama juu ya ukuta wa jimnastiki

Jumatatu, tarehe 4 Mei
Shuleni wamepigilia vipande vya mbao ukutani, watoto wapande saa ya jimnastiki. Binti yangu Abigaël amerudi analia. Mwalimu Casimir amesema wavulana watapanda, wasichana watakaa chini kupiga makofi. Eti sketi zinanasa. Makofi! Nimemuambia anyamaze, ale. Mama yake yuko.

Jumanne, tarehe 5
Akili imekuja nikinyonyesha mudogo wake. Nimekata suruali ya zamani ya bwana yangu Isidore, nimemushonea Abigaël kaptula ya kuvaa ndani ya sketi. Kazi safi! Jioni bwana ametoka bandarini, anatafuta suruali yake ya kanisani. Haikuwa ya zamani. Nimemuambia Mungu anaangalia moyo. Amejibu kwamba kwaya inaangalia miguu.

Jumatano, tarehe 6
Mwalimu amekataa kaptula. Sketi bado iko juu yake, anasema, na uniforme ni uniforme. Kwenye bomba jirani yangu Mama Ephraïm amenicheka: eti Mama Abigaël, musichana anapanda aende wapi? Nimemujibu: kule kule Ephraïm wako alienda, lakini wangu atashuka bila kulia.

Alhamisi, tarehe 7
Mudogo nimemuacha kwa dada yangu. Nimefunga kikwembe cha pili kiunoni, kitenge juu ya kitenge, kama muntu anaenda kugombana, nimeingia uwanja wa shule. Mwalimu, angalia, nguo hainasi! Nimepanda. Vizuri kabisa! Karibu na juu, kikwembe kimenasa. Nikishuka, kinabaki ukutani. Nikibaki, mikono inakufa. Mwalimu Casimir amegeuza uso kwa heshima, anaita tu: Mama, usitikisike! Njo Abigaël akakuja. Bila ruhusa. Amechomeka sketi ndani ya kaptula, amepanda kama panya wa bandarini, amenasua kikwembe. Kisha polepole: Mama, muguu wa kushoto hapa. Sasa hapa. Mutoto wangu! Sikulia. Karibu nilie.

Ijumaa, tarehe 8
Direkta, mukubwa wa shule, ameniita kwenye biro yake. Wasichana watapanda kuanzia leo, sketi ndani ya kaptula. Mama zao, hapana. Mimi nimekatazwa uwanja mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Nimesema asante, Direkta.

Abigaël amegusa ubao wa juu kabisa! Nimemuona kwa macho yangu, nikiwa juu ya ukuta wa nyuma wa shule. Kushuka njo kulikuwa kubaya. Isidore, akinikanda goti, ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nimemuambia ndiyo. Mara ingine nitavua viatu kwanza.