Mgeni wa Heshima wa Langas

Kazi Wilson Khisa aliichukia, ila watu wanaotafuta kazi aliwapenda kupita kiasi. Asubuhi hiyo aliwaona wamejazana nje ya kiwanda cha nyuzi mjini Eldoret, wakingoja kuchaguliwa vibarua. Wengi walikuwa wameajiriwa humohumo miaka mingi, wakafutwa, kisha wakarudishwa kwa nusu mshahara. Aliyewafanyia hivyo aliitwa mwekezaji, na mikutanoni aliketi mbele. Wilson alimhusudu kwa moyo wote.

"Kampuni yangu inafungua kiwanda Turbo," akawaambia, akijiita Mkurugenzi, tai imenyooka. "Kazi ya kudumu, nyumba, hata pesa ya uzeeni. Lakini nafasi ni chache, na wakubwa Nairobi wanakunywa chai."

Chai ya wakubwa haikuhitaji maelezo. Vibarua hao, wakazi wa mtaa wa Langas, wakajikamua. Aliyewakusanyia pesa ni Mama Nasambu, mfumaji aliyefutwa mashine mpya zilipoletwa. Mwenye duka mmoja wa Turbo aliposikia watu wanang'ang'ania, tamaa ikamshika, akatoa fungu nono ili awe yeye peke yake wa kuuza chakula kiwandani. Wilson akatia zote kwenye mkoba, akakata tikiti ya basi la Mombasa.

"Mkurugenzi, Jumapili pitia kanisani," Mama Nasambu akamwambia. "Kuna wengine bado wanataka kutoa."

Mtu mwenye akili angesafiri. Wilson akaenda, mkoba kwapani, maana basi lilikuwa la jioni hiyo.

Akakuta viti vimepangwa, kwaya imesimama, na chifu mwenyewe ameketi na fimbo yake. Kabla hajageuka, akavishwa shada la maua.

"Leo ni harambee!" Mama Nasambu akatangaza. "Tunanunua mashine za kufuma sweta, zetu wenyewe, tusifutwe na mtu tena. Na mgeni wa heshima ni Mkurugenzi!"

Mgeni wa heshima hutoa kuliko wote, tena hadharani, na akitoa kidogo watu huanza kujiuliza yeye ni nani hasa. Akachomoa noti chache.

"Asante, hiyo ni yake! Sasa ya mama watoto!"

Akachomoa tena. Vigelegele.

"Na marafiki zake wa Nairobi, wametuma nini?"

Chifu akaukazia macho ule mkoba. "Kwani Mkurugenzi, hiyo ofisi yenu iko wapi vile?"

Wilson akamwaga mkoba wote mezani. Moyo ulimuuma kama amefiwa, na ilimbidi atabasamu.

Wakati wa soda akamnong'oneza Mama Nasambu, "Mama, kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza, kijana. Mwenye kampuni wa kweli haji kutuomba pesa mkononi. Anatukata tu kwa mshahara."

"Basi mbona mlinipa zenu?"

"Tajiri hatoi yake mpaka aone wengine wanatoa. Sisi tungempata wapi huyo mwenye duka wa Turbo?"

Wilson alikuwa bado anaitafuta njia ya stendi kwa macho, chifu akamshika mkono, akaukaza.

"Mkurugenzi, umetufunza kutoa! Jumamosi kuna harambee ya josho la ng'ombe kule Moiben, na nimeshawaambia mgeni wa heshima ni wewe. Mpaka siku hiyo utalala kwangu, pamoja na askari wangu. Na tafadhali, usiwasahau wale marafiki."