Ombi la Kutuliza Ardhi Ili Katyetye Apigwe Picha

Kasulo, Kolwezi
Jumatatu, 14 Agosti 2017

Kwa Tata Mukalay,
Katibu wa Tume ya Kuhamisha Wakaaji

Tata Katibu, mwenye ofisi, mihuri na afya njema,

"Katika eneo hilo hakuna kinachoishi tena. Hata ndege wamekwisha kuondoka, na wakaaji wanaombwa kufuata mfano wao."

Hayo ni maneno yenu wenyewe, Tangazo namba sita, aya ya pili, lililobandikwa kwenye mlango wa shule. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, vya sheria, vya historia, hata kimoja cha kufuga nyuki, na sijawahi kukuta serikali inayowapa raia ndege kuwa walimu. Lakini tuache hilo. Swali ni kama maneno hayo ni ya kweli, na si ya kweli. Nililisoma tangazo lenu mara nne. Nilipokuwa nalisoma mara ya nne, katyetye alikuwa amekaa juu ya mlango huohuo, na maoni yake alikwisha kuyaacha juu ya sahihi yako.

Kwa ajili ya wajumbe wa Tume waliotoka mbali, katyetye ni yule ndege mdogo, mweusi na mweupe, anayetembea uani kama mkaguzi na kutikisa mkia bila kupumzika. Hapa kwetu mtoto akimrushia jiwe hupigwa na mama yeyote aliye karibu, hata asiyemjua. Nyumba anapokaa katyetye ni nyumba ya watu. Katyetye wangu anakaa nyuma ya nyumba yangu na ana makinda matatu.

Nilikuja ofisini kwako kukueleza hayo. Wajumbe wanne walikuwepo, wakacheka. Wewe hukucheka, Tata, na kwa hilo nakuheshimu. Ulisema Tume haifanyi kazi kwa maneno ya mdomo. Kisha ukatamka maneno ambayo mama Tatiana, karani wako, aliyaandika na kuyapiga muhuri, nami ninayo karatasi hapa mbele yangu: "Mulete photo ya ndeke mu nyumba yenu, photo safi, na namba ya nyumba ionekane. Hapo tutaitosha nyumba yenu kwa liste." Yaani nyumba yangu itatolewa kwenye orodha ya kubomolewa. Mwisho wa kuleta picha ni Ijumaa saa sita mchana. Saa saba ya Ijumaa hiyohiyo katapila linakuja. Muhuri umetoka mara mbili, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba meza ilitikisika, lakini silalamiki. Najua sasa kwamba nyumba yangu inategemea picha moja.

Kwa hiyo nilitafuta kamera. Alfani, mfanyabiashara anayeleta vitu kwa lori kutoka Dar es Salaam, alikuwa nayo moja mpya, ya kidijitali, yenye lensi ndefu kama mkono wa mtoto. Nilimpa baiskeli yangu, naye aliapa kwamba kamera hiyo inaweza kuhesabu miguu ya nzi aliyeko Musonoi. Tangu siku hiyo nimepiga picha mia sita na kumi na moja. Ya kitu kinachoishi iliyo wazi ni moja tu, na ni ya kidole changu gumba.

Picha ya kwanza nilimwonyesha mke wangu, Bilonda. Aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akauliza: "Tata, hii iko ndeke ao iko mukate?" Niliileta kwenu hata hivyo. Mkanirudishia, pembeni mmeandika kwa wino mwekundu kwamba Tume haishughulikii mikate.

Naomba sasa nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio, ili asiyetaka kunijibu akose kisingizio cha kutoelewa.

1. Ardhi inatikisika. Kitabu cha kamera, ukurasa wa 34, kinasema kwa herufi nene: "Weka kamera mahali pasipotikisika." Nimenunua, yaani nimebadilisha baiskeli, kwa kuamini kwamba mahali kama hapo pako katika jimbo letu. Nimejaribu pembe zote nne za kiwanja changu. Nimejaribu kwa stendi yake ya miguu mitatu, juu ya meza, juu ya gunia la mchanga, juu ya kabati la vyombo. Glasi ya maji ikiwekwa sebuleni huchora duara kutoka alfajiri hadi wachimbaji wanapokwenda kula. Mgodi mkubwa unalipua baruti upande ule, na upande huu watu wanagonga chini kwa chini wakitafuta kobalti. Sitaji majina. Mama Shida, jirani yangu wa kushoto, amechimba chini ya jiko lake, na sasa chungu chake kinachemka kikiwa kimeinama. Jirani wa kulia, katekista Mwenze, amechimba chini ya chumba cha kulala, na akiulizwa hujibu kwamba ni kisima. Mimi katika kiwanja changu sina shimo. Hakuna mtu aliyewahi kuona shimo kwangu. Naomba sentensi hiyo iingizwe katika kumbukumbu za Tume.

2. Kamera yenyewe ina tabia mbaya. Ndani yake kuna mraba mdogo wa kijani unaochagua kitu cha kuangalia. Mbele kuna katyetye, nyuma yake kuna turubai la rangi ya chungwa ambalo mke wangu amefunikia mkaa wake. Mraba unamruka ndege na kulikimbilia turubai. Nina picha mia mbili za turubai, kila mkunjo unaonekana, na mbele yake kivuli kisicho na kichwa. Kamera hii ingefaa kuwa mjumbe wa Tume: inaona kitu kikubwa kilicho nyuma na kumpoteza mdogo aliye mbele. Mtauliza kwa nini nisiliondoe turubai. Mkaa utalowa. Mtasema ni kiangazi, mvua haijanyesha tangu Mei. Mkaa wa mke wangu ni wa aina ya peke yake, na shemeji zangu wawili huja kila asubuhi kuupanga.

3. Ndege naye anatikisa mkia. Hili simlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini ndege anatikisika kwa mwendo wake, ardhi kwa mwendo wake, na mpiga picha kwa mwendo wake, na kitabu hakina ukurasa wa jambo hilo. Bilonda alinishauri nimrushie makombo ya bukari, ugali wetu, ili atulie. Alikuja, akala, akatikisa mkia kwa nguvu zaidi.

Kuhusu mpiga picha kutikisika, naomba mnivumilie kidogo. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao, mimi niliyezaliwa hapahapa Kolwezi nililala na mama yangu majuma saba kwenye kituo cha treni tukingoja behewa. Kampuni ya migodi iliyomlea baba yangu ilikuwa imeanguka, na ilionekana kwamba walioiangusha ni sisi tuliokuwa tukibeba masanduku. Tulipofika Kasai, nyanya yangu aliniuliza nyumba yetu ilikuwa ya namna gani. Nilimweleza mlango wa kijani, bomba lililovuja, katyetye aliyekunywa pale lilipovuja. Akauliza: "Picha iko wapi?" Hatukuwa na picha. Niliporudi baada ya miaka, ndani mlikuwa na watu wengine, wakarimu, walionipa kiti nje. Hawana kosa, waliambiwa nyumba haikuwa na mwenyewe. Tangu hapo, mtu akiandika namba kwenye mlango wangu, mikono yangu haitulii. Hilo nalo liingizwe katika kumbukumbu.

4. Namba yenu iko mahali pasipofaa. Mmeandika 212 kwa rangi nyekundu ukutani mbele, na katyetye anakaa nyuma. Nilimwomba Omer, mpaka rangi wa Tume, aandike namba hiyo na nyuma pia, ili ndege na namba vionekane pamoja kama ulivyoagiza. Omer ni mtu mwema. Alikuja na kopo na brashi, akaandika kwa uangalifu mkubwa, na alipomaliza tukasoma wote wawili: 221. Mama Tatiana akaiingiza kwenye daftari kama nyumba nyingine. Kwa hiyo sasa Ijumaa nitafukuzwa mara mbili, mara moja kwa mlango wa mbele na mara moja kwa mlango wa nyuma, na sijui katapila litaanzia wapi. Naomba angalau nifukuzwe mara moja tu, kama wengine.

5. Mmetuambia kwamba kule mnakotupeleka, kwenye barabara ya kwenda Sandoa, ndege ni wengi na hewa ni safi, na kwamba hata mimi nitapiga picha nzuri. Hoja hii imejaa matundu. Ndege wa kule ni wa kule. Picha safi ya ndege wa kule inathibitisha kwamba kule kunakalika, na hilo hakuna aliyelikana. Zaidi ya hayo, ikiwa ndege ndiye anayeamua wapi mtu akae, basi Tume imletee katyetye wangu taarifa ya kuhama kwa maandishi, imsomee mbele ya mashahidi, naye atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, ni mkaaji. Akiwa mkaaji, aya ya pili ya tangazo lenu imeanguka, na tangazo ambalo aya yake ya pili imeanguka haliwezi kusimama kwa aya ya kwanza na ya tatu.

Kwa sababu hizo zote, nadai yafuatayo, na nayadai kwa adabu.

Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa moja kasorobo, ardhi yote kutoka Kasulo hadi Musonoi itulizwe. Ni robo saa tu. Baruti isilipuliwe, lori lisipite, sururu isinyanyuliwe, na kanisa la Mtume Fulani lililo nyuma ya soko lisicheze. Ikiwa Tume haina uwezo wa kutuliza ardhi, basi wajumbe wake watano waje wasimame kwenye kiwanja changu, mmoja katika kila pembe na wewe, Tata, katikati. Nimewatazama vizuri siku ile ofisini. Nina imani kwamba kwa uzito wenu ardhi itatulia.

Na ikiwa hilo nalo haliwezekani, basi nipewe cheti chenye muhuri mmoja kwamba ardhi ya Kasulo haitulii. Nikishapata cheti hicho nitauliza swali dogo: ardhi isiyoweza kubeba miguu mitatu ya kamera, inawezaje kubeba mitambo ya kampuni ya madini mnayotaka kuipa mtaa wetu? Itabidi kampuni ihamishwe kwanza, kwa usalama wake, na sisi tutaisindikiza hadi barabara ya Sandoa, ambako ndege ni wengi na hewa ni safi.

Ninyi watano, nawaambia moja kwa moja: Alhamisi njooni mkae kimya mbele ya nyumba yangu kwa robo saa, mtazame kinachoishi hapo. Na ninyi mlio chini ya ardhi, wa mama Shida na wa katekista Mwenze, nikipiga teke mara tatu sakafuni, wekeni sururu chini. Mkigoma, sote tutakutana kwenye kituo cha treni, na safari hii hata treni hakuna.

Nabaki raia wenu wa namba mbili, nikiwasalimu wajumbe wanne waliocheka, mama Tatiana na muhuri wake, Omer na brashi yake, dereva wa katapila ambaye sijamjua lakini najua ana mama, na kila aliye nyumbani kwako, Tata.

Stany Badibanga
Nyumba namba 212 na 221, Kasulo

N.B. Barua hii niliiandika jana. Leo asubuhi mambo yamekwenda mbele, na inabidi niyaeleze, kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha ushahidi.

Bilonda alichoka na habari za ndege. Bila kuniuliza, aliliondoa turubai ili lisiibe tena macho ya kamera. Kisha akainama na kuwaambia kaka zake, walioko chini, wapande wapumzike. Ardhi ikatulia palepale. Glasi ya maji sebuleni ikakaa kama kioo. Katyetye akaja, akatua, na kwa mara ya kwanza hakutikisa mkia. Nikapiga.

Nilikimbia kwa Alfani, akachapisha nakala mbili. Moja nikampa Omer aiwahishe ofisini kwenu kwenye bahasha ndogo ya kahawia. Ya pili nikampelekea Bilonda. Akaitazama muda mrefu, bila kuigeuza. "Sasa hii njo photo," akasema. "Hata kamba inaonekana."

Ni kweli, inaonekana. Mkitazama vizuri, unyoya kwa unyoya, mtaona kwamba katyetye amekaa juu ya gogo la kuzungushia kamba, na chini ya gogo kuna giza la mviringo, na kando ya giza kuna magunia tisa, na juu ya magunia wamekaa shemeji zangu wawili wakinywa chai. Namba 221 inasomeka kabisa. Mkaa hauonekani popote. Shemeji mmoja anasema pia kwamba njia yao ya chini imefika karibu na ofisi yenu, jambo ambalo huenda linaeleza ule muhuri.

Kwa hiyo, Tata Katibu, tafadhali usiifungue bahasha ndogo ya kahawia. Mpe Omer airudishe kama ilivyo, naye atakuletea ile ya mkate.