Bila Labda

Jumatatu, 2 Machi 1964. Msambweni.

Nimerudishiwa barua yangu ya Kiingereza, nyekundu tupu! Bwana Mwinga, mkuu wetu mpya ofisini tangu Mzungu arudi kwao, amekata "I think", amekata "perhaps", labda yangu, amekata hata "it seems", niliyokuwa nikiipenda sana. Akasema Kiingereza changu kinatembea huku kikichungulia nyuma. Karani anayeijua kazi yake huandika "I recommend", napendekeza. Huandika "the records show", kumbukumbu zaonyesha. Na asiyejua aende akatazame, kisha aandike alichokiona. Nikaitika. Kiti cha karani mkuu ki wazi, na karani mwenzangu Garama alikuwa amekaa hapo anasikiliza kwa masikio yote mawili.

Jioni nikapita kwa Mzee Kibwana kununua kofia. Binti yake Mwanaima ndiye azishonaye. Sasa nina kofia nyingi kuliko Ijumaa za kuzivalia. Akanipa kwenye upenyo wa mlango. Nimeona vidole tu, na hina iliyoanza kufifia. Ya Rabi! Vidole tu, na wali ukanishinda.

Jumatano, 4 Machi.

Mombasa wanauliza kama lori la korosho laweza kufika Majoreni na Kibuyuni. Garama kapewa Kibuyuni, mimi Majoreni. Zamani ningaliandika kwamba nadhani barabara huenda si mbaya sana. Leo? "The road is excellent." Barabara ni nzuri kabisa, basi! Sikwenda kutazama. Jua kali, na gurudumu la baiskeli halina pumzi. Garama alikwenda kwa yake, mjinga yule, karudi na matope hadi magotini. Barua yangu ilikuwa imekwisha pelekwa posta.

Ijumaa, 6 Machi.

Baada ya sala, ami Matano, ndugu wa marehemu baba, amekwenda kuniposea kwa mara ya pili. Wamezungumza habari za minazi. Wamezungumza habari za mbuzi wa jirani. Kisha ami akataja, kama aliyekumbuka njiani, kwamba kijana wetu hana wa kumpikia uji. Mzee Kibwana akajibu: tutatazama, tutaulizana.

Ami karudi anatabasamu. Nikamuuliza harusi lini. Akanicheka. Akasema mwenye kukataa husema binti bado mdogo. Mwenye kusema tutaulizana amekwisha kuridhia, ila hataki aonekane anamsukuma mwanawe nje. Tungoje mwezi uandame, twende tena.

Mwezi uandame! Nitakuwa nimenyauka. Nimelala na kofia yake kifuani wiki nzima. Na Garama kasema watu wa Vanga nao wanamtaka. "Tutatazama" ni nini kama si "perhaps" ya Kiswahili? Ikatwe!

Jumamosi, 7 Machi.

Nimekwenda mwenyewe. Peke yangu, bila mshenga, nimevaa kofia mpya. Shikamoo, marahaba, kahawa. Mzee akaanza habari za minazi, nikamkata. Nikamwambia mimi ni mtu wa kazi, najipendekeza kwake kama mkwe anayefaa kwa kila hali, namtaka Mwanaima, na naomba jibu sasa hivi: ndiyo au siyo.

Mzee akaweka kikombe chini polepole. Nyuma ya pazia kikaanguka kitu, sinia labda. Hapana. Lilikuwa sinia.

"Mwanangu," akasema, "tulikuwa tukielekea huko. Lakini kama wataka neno moja, na unalitaka leo, basi ni siyo."

Nikamshukuru kwa uwazi wake. Sijui kwa nini nilimshukuru. Kahawa nimeiacha.

Jumatatu, 9 Machi.

Balaa haliji peke yake. Juzi Bwana Mwinga aliwachukua wageni wa Mombasa kuwaonyesha barabara yangu. Gari likazama kwenye tope la mikoko, maji ya bahari yakaanza kujaa, wageni wakabebwa mgongoni na wavuvi. Mmoja kapoteza kiatu. Leo Bwana Mwinga kaniita. Akasema alinikataza woga, hakunituma uwongo. Kisha akamsomea kila mtu barua ya Garama, inayoanza "I inspected the road", niliikagua barabara, na inayosema lori lipite maji yakitoka tu. Garama ndiye karani mkuu. Kaniagiza nimletee chai!

Jumanne, 10 Machi.

Ami haitikii salamu zangu. Nikapita kwa Mzee Kibwana, ati kununua kofia. Mlango haukufunguliwa. Mwanaima akasema kutoka ndani, taratibu:

"Baba alikuwa amekubali, Bwana Mbwana. Na mimi pia. Ungalingoja tu."

Nimesimama pale mpaka mbuzi wakaanza kunizoea. Namtaka. Sina neno jingine, la Kiingereza wala la Kiswahili. Nimerudi nyumbani nikazipanga kofia zote kitandani, nikakosa pa kulala.

Jumamosi, 14 Machi.

Habari njema! Watu wa Vanga wamepeleka posa. Ami kaniambia huku akitazama ukuta. Nikauliza wamejibiwaje. Akasema: tutatazama, tutaulizana.

Alhamdulillahi! Hawakukubaliwa! Wamepewa maneno ya juu juu, ya mtu asiyejua atakalo. Mimi nilijibiwa wazi, kama mtu wa kazi, na mtu wa kazi hujibiwa upya akileta hoja bora. Kesho asubuhi naenda tena, na sitakunywa hata kahawa kwanza.

Kwa Mzee Kibwana leo pana shughuli. Tangu alfajiri nasikia vinu vikilia, wanawake wengi, na kicheko cha Mwanaima katikati yao. Kicheko kile! Amefurahi. Bila shaka ananingoja mimi.