Kona Aliyoisahau Léocadie

Jumatatu, 7 Julai 2025. Turffontein, Johannesburg.

Miaka ishirini na tisa tangu nitoke Bujumbura kwa mwezi mmoja. Niliomba ruhusa kwa barua katika shule niliyofundisha, Buyenzi, na mkuu wa shule akasifu mwandiko. Miezi kumi na minne tangu mke wangu Léocadie afariki. Leo asubuhi maji ya ndoo yamekutwa na utando wa barafu. Ndani ya nyumba, si nje.

Binti yangu Diane amepiga simu kutoka Joubert Park, anakosukia watu nywele. Kasema nyumba hii itaniua kwa baridi, nihamie kwake ghorofa ya tisa. Nimekataa. Tumebishana, kisha tumepatana. Jumapili anakuja na mwanawe. Akikuta nyumba ina joto na baba yake anajiweza, hataligusia tena jambo hili. Akikuta vinginevyo, nafungasha.

Siku sita. Zinatosha. Ninalo jiko la makaa jikoni, dubwana la chuma tulilolikuta humu tulipopanga mwaka 1999. Léocadie alikuwa akiliwasha kila msimu wa baridi. Mimi nilikuwa nikikaa mbele yake na gazeti. Tangu aondoke halijawashwa. Ila kuna ugumu gani? Kwetu kila mtoto alikua na mbabula, lile jiko dogo la makaa ya miti. Haya ni makaa ya mawe. Makaa ni makaa.

Jumanne, 8 Julai.

Gunia limefika. Nimewasha kwa saa tatu. Nimetumia kurasa za siasa, za michezo, na mwishowe, kwa uchungu, za vitabu. Saa nane mchana moto umekubali. Nimekaa mbele yake. Kiti cha pili kitupu. Nimekisogeza karibu na dirisha.

Jioni nimeufukia moto kama mama alivyokuwa akiufukia wake kwa majivu, ili ukae. Ila mimi nimefukia kwa makaa mapya, koleo sita, pote, nikasawazisha. Kazi safi.

Octave amekuja kuomba maji ya moto. Ni mpangaji wa chumba cha nyuma, mtu wa Likasi, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye tanuru za shaba na sasa analinda ghala. Kachungulia mlango wa jiko, kashtuka. Kasema, namnukuu: "Mwalimu, usifunikake makala yote. Achaka kajicho."

Nimemweleza kwa upole kwamba makala ni maandishi ya gazetini. Haya ni makaa. Na moto hauna jicho, kubwa wala dogo. Kaniangalia, kasema sawa Mwalimu, kachukua koleo bila ruhusa, kasukuma makaa yangu upande mmoja mpaka wekundu ukaonekana. Kisha kaondoka na maji yake. Kazi yangu yote ya kusawazisha imeharibika.

Alhamisi, 10 Julai.

Jana sikuandika. Kichwa.

Ilikuwa hivi. Kwenye bomba la moshi kuna kibati cha kufungua na kufunga. Niliona joto lote linapanda juu kuwapasha ndege, nikakifunga. Nyumba ikapata joto zuri. Nikasinzia. Octave alipita dirishani, akaona kichwa changu kimelala juu ya sahani. Aliingia bila kubisha hodi, akafungua kibati, mlango na madirisha yote, akanitoa uani kwa kunishika kwapani kama gunia. Kasema hewa ile haina harufu, mtu analala na haamki, na kwamba huko Likasi amewahi kuwabeba watu wa namna hiyo.

Namshukuru. Lakini hodi ni hodi. Nililala siku nzima nikisikia nyundo kichwani.

Leo nimewasha upya, kibati wazi. Nimefunika moto wote tena, maana nusu ya moto ikiwa uchi makaa yanaisha upesi. Moshi ukawa mzito, wa manjano. Hakuna mwali. Robo saa, hakuna mwali. Nikafungua mlango nione. Jiko likakohoa. Puu! Vifuniko vya juu vikaruka na kurudi mahali pake, na mimi nikakaa chini bila kukusudia. Nyusi ya kushoto imeungua.

Sababu: makaa mabichi. Nimempigia muuzaji. Kasema eish, mkhulu, yaani babu, makaa hayana ubichi, si mahindi.

Ijumaa, 11 Julai.

Octave ameniona nyusi. Hakucheka, na hilo limeniudhi zaidi. Kaomba anionyeshe mara moja tu. Nimekubali kwa sharti kwamba nitasahihisha Kiswahili chake akiwa anaonyesha. Kakubali.

Kafungua kibati kwanza. Kafungua mlango wa jiko kidogo tu, upana wa kidole, kangoja, kisha ndipo wote. Kasukuma makaa mekundu nyuma, kaweka mapya mbele, kaacha nyuma pakiwa wazi. Kasema makaa ya mawe yakipata joto yanapumua gesi kabla hayajawaka. Mwali ukiwa karibu unaila ile gesi kidogo kidogo. Ukiufunika wote, gesi inajaa tumboni mwa jiko, inangoja. Unafungua mlango, hewa inaingia, na cheche moja inaiwasha yote kwa mkupuo. Hayo kayasema kwa makosa kumi na moja. Nimeyahesabu.

Vimiali vya samawati vilikimbia juu ya makaa. Vizuri sana, nakiri. Ila jiko lilionekana kama kazi iliyoachwa njiani. Léocadie alikuwa na kasoro hiyo hiyo. Kila jioni nilimwambia, mama Diane, umesahau kona. Kila jioni alijibu, kweli, Mwalimu, nimesahau, wewe soma, nitamalizia. Nikirudi kutazama, makaa yote yamekwisha kushika. Miaka ishirini na minne. Mwanamke mwema, lakini msahaulifu.

Jumapili, 13 Julai.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Walifika baada ya misa. Diane na gauni jeupe, na Olive, miaka minane, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. Jiko liliwaka tangu saa moja kwa mtindo wa Octave. Maharage na ndizi vimeiva. Diane kavua koti. Kavua sweta. Kashika ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, kasema, "Papa, nyumba ina joto kama zamani." Kisha kasema basi, nibaki, yeye atakuwa anakuja kila Jumapili.

Nilikuwa nimeshinda. Naliandika hili ili lijulikane: saa saba na dakika kumi nilikuwa nimeshinda.

Ila moto ulikuwa umepungua, na ile kona wazi ilinikera. Mgeni aone kazi nusu? Diane alipotoka kuteka maji nilijaza makaa. Pote. Nikasawazisha kwa mgongo wa koleo, nikafunga mlango.

Octave, niliyemwalika ale nasi, kaingia na kuona moshi wa manjano unavuja pembeni mwa vifuniko. Hakuniambia kitu kwanza. Kamwambia Olive, kwa Kizulu, lugha waijuayo wote wawili, aende uani akamwangalie paka anayefugwa na Octave. Mtoto katoka mbio. Hapo ndipo Octave akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usifungue. Wachaka. Tunatoka wote." Nikamwambia mgeni haamrishi jikoni kwa mtu, na kwamba ni "acha". Nikafungua. Mlango wote, mara moja.

Mlipuko. Sufuria ikaruka, maharage yakafika darini. Kiganja cha kulia kimeungua, nyusi ya kulia imemfuata mwenzake. Diane alikuwa mlangoni na ndoo. Gauni lote jeusi.

Pale mbele ya jiko, penye kigoda ambacho Olive alikuwa amekikalia, pameanguka kifuniko cha chuma. Kigoda kimepasuka katikati.



Jumatatu, 14 Julai.

Diane hakufoka. Ningependa angefoka. Kanifunga mkono, kafagia maharage, kisha kakaa kwenye kiti cha dirishani. Kauliza kwa nini nilifunika moto wote wakati Mama aliacha kona siku zote. Nimejibu kwamba alikuwa akisahau.

Kanitazama sana. Kasema Mama hakusahau hata siku moja. Fundi mmoja alimwonyesha mwaka ule ule tulioingia. Mama naye akamfundisha Diane akiwa na miaka kumi na mmoja, akamkataza asiniambie, kwamba mimi ni mwalimu na nimekwisha poteza shule, nchi na wanafunzi, basi aniachie angalau jambo moja la kusahihisha.

Nimeomba aniache kidogo. Nimekwenda chumbani. Sikulala, sikusoma. Nilitazama ukuta.

Baadaye nimerudi nikamwambia kwamba pengine alikuwa akisahau na kuona aibu kusema. Diane kainuka, kaanza kukunja mashati yangu.

Jumatano, 16 Julai. Joubert Park.

Ghorofa ya tisa. Vitabu katika maboksi manne, chini ya kitanda cha Olive. Kutoka dirishani naona paa la stesheni na watu wadogo wenye mizigo mikubwa.

Jiko nimemwachia Octave alitazame, pamoja na kurasa mbili za maelekezo kwa mwandiko wangu, wa kushoto lakini unasomeka. Kanuni ya kwanza: makaa yafunike moto wote, yasawazishwe. Kazisoma zote mbili pale pale, kazikunja, kaziweka mfukoni mwa shati. Kasema aksanti, Mwalimu, nitazitunza. Alikuwa na machozi. Moshi, nadhani.

Hapa kuna hita ya umeme. Joto lake linatawanyika ovyo chumbani. Asubuhi nimeifunika kwa taulo, vizuri, pande zote, ili lisipotee. Diane ameichomoa ukutani, amebeba taulo na hita, ameviweka chumbani kwake na kufunga kwa ufunguo. Olive kacheka, kasema jambo kwa Kiingereza ambalo sikulisahihisha.

Mwenye nyumba ametuma ujumbe kwamba wapangaji wapya wanaingia Ijumaa. Turffontein sitarudi.