Kinywa Kinachojitegemea

Inatangazwa kwa raia wote wa Goma, kutoka Mugunga hadi Kibati, kwamba maumivu ya meno kwa wazee wanaoishi peke yao yamekwisha. Ushindi huu umeletwa na Ofisi ya Kinywa cha Mzee Anayejitegemea, ambayo mimi, Magloire, ni katibu wake. Mhuri unakaa kwangu. Mwenye swali alilete likiwa na jibu lake, tutaligonga.

Wapo watu wa maneno mengi wanaouliza tumewezaje. Tumetumia akili. Wafadhili walitupa pesa za kutibu meno ya wazee wanaojitegemea, na Mkurugenzi wetu, Bwana Ntirenganya, alilitafakari neno hilo asubuhi nzima huku akichovya biskuti kwenye chai, maana yeye ni mtu wa utaratibu, hata mkate hauli mkavu. Mwishowe akatoa Kanuni. Mzee anayejitegemea haombi msaada. Anayeomba msaada hajitegemei, kwa hiyo programu haimhusu. Na kwa kuwa asiyejitegemea hawezi kuachiwa nyumba peke yake, ufunguo wake utawekwa kwenye droo yangu, naye atapelekwa kwa watoto wake.

Tuliajiri daktari wa meno, Daktari Fatuma, tukampa chumba na kile kiti kinacholala. Tangu siku hiyo anasubiri. Hajapata mgonjwa hata mmoja anayestahili, na hiyo ndiyo afya yenyewe. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Sisi tumekipigia mhuri.

Sasa nimtaje Mama Léoncie. Ni mjane anayeishi peke yake kwenye barabara ya Kibati, katika nyumba ya mbao. Volkeno ilipomeza nyumba yake ya kwanza, alingoja mawe yapoe, akajenga ya pili juu yake. Watoto wake wako Kiwanja na wanampenda sana, hasa wakikumbuka kwamba nyumba ile inaweza kuuzwa. Ufunguo wake anaufunga kwenye pindo la kitenge.

Siku moja alifika ofisini, shavu la kulia limevimba.

"Karibu, Mama. Unaomba kitu?" nilimuuliza, kalamu mkononi.

Akaitazama kalamu, kisha droo iliyokuwa wazi. "Ile mafunguo yote ni ya ba nani?"

"Ni ya waliokuja na shida ya meno."

"Na banaikala wapi sasa?"

"Mahali pazuri. Kwa watoto."

Akameza mate, na nikaona hata kumeza kulimuuma. "Mi siombi kitu, Papa Secrétaire. Nilikuwa ninapita tu."

"Na hilo shavu?"

"Ni kunenepa."

"Upande mmoja?"

"Na ule mwingine utafwata."

Nilimpongeza. Alipofika mlangoni pa Daktari Fatuma alisimama kidogo, akautazama kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani, halafu akaenda zake.

Mkurugenzi alikuwa amemwona dirishani. "Magloire, angalia mama alivyoshiba! Huyo ndiye mfano wetu."

Basi sherehe ikapangwa. Wafadhili walikuja na magari meupe, wazee wa mtaa wakaketishwa nyuma, na mbele ya kamera Mama Léoncie akawekwa tayari kutafuna hindi la kuchoma. Tulichagua lililokomaa na kukauka barabara, ili ushindi usitiliwe shaka. Nilimweleza mapema, kwa upole wa kiofisi, kwamba akishindwa kutafuna basi hajitegemei, na mimi nitapokea ufunguo.

"Nimesikia," alisema, na mkono wake ukaenda kwenye pindo la kitenge.

Mkurugenzi alihutubia. "Kinywa cha mzee ni mali ya taifa!" alisema. "Na mali hufungwa vizuri!" Tulipiga makofi. Kisha akamkabidhi Mama Léoncie lile hindi. Mama akalipokea, akalinusa, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Asante, Papa Directeur. Anza weye kuonja."

"Mimi? Mimi nimeshakula."

"Kwetu Rutshuru, mwenye kukupa kitu anaonja kwanza, ujue haina sumu. Weye unajua. Tulisoma katekisimu pamoja, tukiikala ku banc moja. Tena weye ulikuwa mukubwa kuliko mi."

Hapo niliona haya kwa niaba ya serikali, kwa maana kwenye karatasi za ofisi Mkurugenzi ana miaka hamsini na mitano, na amekuwa nayo kwa muda mrefu. Lakini wazee wa nyuma walikwisha kuanza kunung'unika. Hata harusini, mwenye pombe huonja kwanza. Chakula cha kupewa bila kuonjwa, katika mji huu? Mfadhili mmoja akaiweka sahani yake chini polepole.

"Onja, Papa!" wakapaza sauti. "Onja!"

Mkurugenzi alinitazama. Nilitafuta Kanuni inayokataza kuonja, sikuiona. Akafumba macho, akauma.

Alipolivuta hindi, meno yake ya mbele yalibaki humo, yamesimama safi kabisa pamoja na plastiki yake ya waridi. Jino la pembeni yake, lile la kwake halisi, lilipasuka.

"Munisaidie!" alilia, akishika taya. "Munisaidie, ninakufa!"

Mkurugenzi, mzee anayeishi peke yake mtaa wa Himbi tangu mkewe ahamie Bukavu, alikuwa ameomba msaada mbele ya kamera. Iliniuma, lakini Kanuni ni Kanuni. Nikanyoosha mkono.

"Ufunguo, Papa Directeur."

Alinitukana kwa Kifaransa, ila bila meno ya mbele Kifaransa hakitoki vizuri. Ufunguo ulitoka.

Daktari Fatuma alikuja mbio na koleo lake. "Mugonjwa ni nani?"

Mkurugenzi akajinyooshea kidole.

"Huyo ameomba," nilisema. "Programu haimhusu."

Daktari akageuka, akaliona shavu la Mama Léoncie. "Na huyu?"

"Huyu hajaomba kitu," nikakiri.

"Hata kidogo," akasema Mama Léoncie.

"Basi anastahili. Kuja, Mama."

Alipotoka, pamba mdomoni, macho yake yalikuwa yametulia kama ya mtu aliyelala usingizi wa kweli. Alimpita Mkurugenzi kwenye benchi, akamgusa bega. "Vumilia, Papa. Mwenye kujitegemea hasemi." Akapapasa fundo la kitenge, ufunguo upo, akashika njia ya Kibati.

Siku hizi wazee wengi hupita tu ofisini, hawaombi kitu, wamenenepa upande mmoja. Daktari Fatuma hapati hata nafasi ya chai. Mtoto wa Mkurugenzi amekwisha kufika kutoka Bukavu na anaipima ile nyumba ya Himbi kwa hatua ndefu. Baba yake anashinda mlangoni pangu, ameshika taya, akiitazama droo. Ufunguo wake umo humo, salama. Anaweza kurudishiwa wakati wowote, mradi asiuombe.