Fimbo Nyeusi Niliyoichagua Buguruni

Wenzangu wa chuo cha ualimu, leo nimeadhirika mbele ya kamati nzima ya wazazi. Nawaandikia jua halijazama, kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine ikiwa imetiwa pilipili.

Mnajua shule yetu hapa Temeke ina shamba Chanika. Elimu ya kujitegemea, ndugu zangu. Tuna mihogo, tuna kuku, na tangu mwaka jana tuna bwawa la perege. Sasa bwawani kaingia kambale mmoja mkubwa, hakuna ajuaye kapita wapi, anakula vifaranga vya perege kama mtu anavyokula karanga. Tukitega ndoana yenye minyoo, wanaokuja ni perege wenyewe. Kamati ikasema kambale huyo asipotoka, bwawa lifukiwe, pale papandwe mpunga. Mwalimu Mkuu alilichimba bwawa lile pamoja nasi, jembe kwa jembe. Tangu kamati iseme hivyo, chakula hakimpiti kooni.

Hapo mdomo wangu ukaniponza. Nikasema mie ni mtu wa Nyasa, nimekulia ziwani, kazi hiyo niachiwe. (Ni kweli nimekulia ziwani. Baba alikuwa karani wa misheni, na samaki tulikuwa tunanunua.)

Bi Tatu, mpishi wa shule, akasema kwa upole kwamba kambale anayekula wenzake huvutwa na kitu kinachotembea. Alikuwa na chambo cha bati chenye ndoana, ukikivuta majini kinazunguka na kumetameta, kambale anadhani ni kifaranga anakimbia. Mama huyu zamani alikuwaga mpishi wa mhandisi mmoja wa mabwawa. Mhandisi akienda kuvua, naye yumo. Alipoondoka nchini akamwachia chambo kile. Kilichokosekana ni fimbo ya kuvulia, basi leo asubuhi Mwalimu Mkuu akatutuma sie wawili tukachague.

Pale Buguruni kuna bwana anauza vitu vya wageni waliorudi kwao: vitanda vya kukunja, taa, mabuti. Fimbo alikuwa nazo mbili, kila moja na gurudumu lake la kukunjia mshipi. Moja nyeusi, inang'aa, ina mshikio wa ngozi. Nyingine ya kahawia, imechubuka kama mguu wa meza.

Bi Tatu aliishika ile ya kahawia, akanipa ncha.

"Vuta, mwanangu."

Nikavuta. Ikapinda mpaka katikati, polepole, kama inafikiri. Kisha akanipa nyeusi. Hiyo ilikataa. Ncha iliinama kidogo tu, kwingine kote imekauka kama mpini.

"Hii ngumu ni ya chambo kinacholala chini," akasema. "Sie chambo chetu kinatembea. Samaki anakidaka naye yuko mbioni. Fimbo isipompa nafasi ya kukiweka vizuri mdomoni, utamnyang'anya."

Wenzangu, maelezo gani yatapita hayo? Darasa la saba wangeelewa. Nami nikamjibu, "Bi Tatu, kambale ana nguvu. Mwenye nguvu anataka nguvu." Nikalipia nyeusi.

Mama wa watu hakubishana. Tulipofika kwenye lori la shule akasema amesahau chumvi, akarudi sokoni. Alirejea na kitu kirefu amekifunga kwenye gunia. Mie sikuuliza. Nilikuwa naitazama fimbo yangu.

Saa nane tukawa Chanika. Kamati imeshafika, watu tisa, wamepanga viti kama kwenye harusi. Mwenyekiti wao ni Mzee Kondo, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Nikawapa shikamoo zao, nikasogea ukingoni. Nimevaa bugaluu yangu mpya, suruali pana chini, juu imenibana barabara. (Msiniulize kwa nini mtu anaenda kuvua na bugaluu. Nilijua watu watanitazama.)

Nikarusha mara ya kwanza. Fimbo ngumu na chambo chepesi havikuelewana, kikadondoka karibu na viatu vyangu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikatumia mwili mzima, kikaenda mpaka kwenye majani ya ng'ambo. Nikaanza kukunja. Ghafla maji yakafumuka na mkono ukavutwa. Kambale mwenyewe!

Nikakwanyua kwa nguvu zote. Fimbo haikupinda hata kidogo. Chambo kikachomoka mdomoni mwake, kikanipita sikioni kikivuma, kikaenda huko nyuma.

Nikadhani kimenasa kwenye muhogo. Nikavuta. Nikahisi mtu kanishika kiunoni kwa nyuma, nikajua ni Mwalimu Mkuu, anaogopa nisitumbukie.

"Niache, Mwalimu," nikasema. "Nipo salama."

Mwalimu Mkuu akajibu kutoka mbali, upande wangu wa kushoto, "Mbona sijakushika?"

Nilipaswa kugeuka. Badala yake nikavuta kwa mikono miwili. Bugaluu ikapasuka kuanzia mkandani mpaka gotini, kwa mlio ambao wenye viti vya nyuma nao waliusikia.

Kisha Mzee Kondo akasema, "Mwalimu, uliyemshika naona ni mkubwa."

Na akacheka. Kamati nzima ikacheka, mmoja akaanguka na kiti.

Bi Tatu peke yake hakucheka. Alikuja akanifunga kanga yake ya pili kiunoni (maandishi ya kanga ile siwaambii), akaichomoa ndoana ya chambo kwenye bugaluu kwa vidole viwili bila kunigusa, kisha akafungua gunia. Fimbo ya kahawia! Akakihamishia chambo huko.

Sasa sikieni mvuvi. Alirusha kama anayepepeta mchele, hakutumia bega. Fimbo ikajikunja, ikajikunjua, chambo kikatua kwenye majani pale pale bila kishindo. Akakunja taratibu, bati linazunguka, tunaliona liking'aa chini ya maji. Kambale akaja. Fimbo ikapinda mpaka katikati, na Bi Tatu hakukwanyua. Aliendelea kukunja mwendo uleule, kana kwamba hakuna lililotokea. Kambale akanasa ndoanani mwenyewe. Akaenda kushoto, fimbo ikamfuata. Akazama, fimbo ikainama naye. Alipochoka, akatolewa. Mrefu kama mkono wangu, na masharubu.

Nilipiga makofi mpaka kanga ikataka kudondoka. Mzee Kondo akasimama, akamwambia Mwalimu Mkuu bwawa libaki, na msimamizi wake awe mama huyu. Mwalimu Mkuu alikula viazi sahani mbili.

Bi Tatu akaulizwa anahitaji msaidizi gani. Akanitazama, nimesimama na kanga yangu.

"Huyu anafaa," akasema. "Leo amejifunza."

Basi wenzangu, msicheke, na barua hii msiisome kwa sauti. Kesho saa mbili naanza kufundishwa kurusha. Mwalimu wangu ameniagiza nije na suruali pana juu pia.